Bibi Alipoficha Mikono

Bibi alianza kuficha mikono msimu ule wa baridi, mahindi yameshakauka shambani na upepo wa asubuhi unakata midomo. Mwanzoni sikugundua. Niliona tu watoto wa jirani wakija kumwamkia, wanainamisha vichwa kama kawaida, yeye anaitikia "marahaba" na mikono iko ndani ya khanga. Sasa kwetu mtoto akikuamkia anakuletea kichwa, na wewe mkubwa unaweka kiganja pale juu, hata kidogo tu. Usipoweka, mtoto anabaki ameinama anasubiri. Nilikaona kamoja, ka chekechea, kamesimama vile kameinama mpaka nikakahurumia, nikakagusa kichwa mimi. Kakaniangalia kama nimekaibia kitu, kakaondoka.

Tunakaa Singe. Baba yuko machimboni, anakuja akipata nafasi. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni na nyanya zake. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri mambo ya chuo, na kusubiri ndiyo kitu nisichokiweza duniani. Mama anasema hata kuzaliwa nilizaliwa kabla ya wakati, sikuvumilia. Basi kwa sababu niko nyumbani, kazi ya kumwogesha bibi ikawa yangu. Magoti yake hayamruhusu kuinama kwenye ndoo.

Nyumba nzima wakati huo ilikuwa inazungumza harusi. Dada yangu alikuwa anaolewa Dodoma. Na kwetu binti hatoki nyumbani hivi hivi. Siku ya kuondoka, kabla hajapanda gari, bibi mzaa baba anampaka samli ya ng'ombe: paji la uso, shingo, mikono. Si kitu kirefu. Lakini wazee wanasema binti asiyepakwa ameondoka tu, hajaagwa. Mama alipakwa kwao. Shangazi alipakwa na huyu huyu bibi, hapa hapa uani. Kwa hiyo kila mtu alijua dada atapakwa na nani, mpaka hii mikono ilipoanza.

Niliiona vizuri siku moja nikimsaidia kuvua sweta. Ilikuwa mikavu kama ganda la muhogo. Nyuma ya viganja kuna magamba meupe, kwenye vidole nyufa, na nyingine zimeingia ndani mpaka nyekundu inaonekana. Miguuni hivyo hivyo. Alikuwa anajikuna mpaka anajichana mwenyewe, na akijichana kidonda hakifungi haraka. Nikamuuliza imeanza lini. Akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Nikamwambia mama, mama akampigia shangazi. Shangazi ni dada yake baba, anakaa Bonga, ana duka la vyombo na ana sauti. Sikumchukia hata siku moja, niseme ukweli, kwa sababu mtu akiumwa kwenye ukoo huu anayefika wa kwanza ni yeye. Alikuja, akaiangalia ile mikono bila kuigusa, akasema ni upele, twende zahanati.

Tukaenda watatu. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Aliangalia katikati ya vidole, akaangalia viwiko, akauliza kama kuna mwingine anayewashwa nyumbani. Hakuna. Akabonyeza bonyeza na kitu kama sindano butu kuona kama bibi anasikia. Anasikia. Akasema huu si upele, si fangasi, si ukoma, haumwambukizi mtu. Ni uzee, ngozi imekauka. Asiogeshwe na maji ya moto, apakwe mafuta. Ikizidi au ikitoa usaha turudi. Akaita mgonjwa mwingine.

Tulipofika nje shangazi akasimama pale kwenye mti wa mlangoni, akanishika mkono.

"Umeona? Hakuandika hata kidonge."

Nikamwambia amesema haumwi.

"Wakishindwa ndivyo wanavyosema," akasema. "Wanakwambia ni uzee, mpeni mafuta. Mtu mwenye dawa yake anaandikiwa dawa."

Ukiwa mgeni unaweza kucheka, lakini kwetu hapa watu wengi wanafikiri hivyo. Ukienda hospitali ukachomwa sindano, basi una ugonjwa unaojulikana. Ukipewa vidonge vya rangi mbili, afadhali. Ukirudi mikono mitupu na maneno, nyumbani wanaangaliana. Siku hiyo hiyo simu zikapigwa mpaka Sigino kwa ndugu, kwamba mama mzee hospitali wamemrudisha.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Bibi akapata kikombe chake, cha bluu, na sahani yake. Shangazi akaleta ile dawa ya maji ya kuua vijidudu, ukiitia kwenye maji yanakuwa meupe kama maziwa, akaniambia nimwogeshee bibi kila siku, na maji yawe ya moto hasa, na nisimwonee huruma na dodoki. Bibi mwenyewe alikuwa anataka hivyo. Yeye kwa maisha yake yote ngozi isiposuguliwa na dodoki na sabuni ya mche mpaka ikalia, haijaoga. Nikawa namsugua. Anafumba macho anasema hapo hapo, ongeza, kuwashwa kunaisha. Lakini akikauka tu kunarudi mara mbili.

Halafu kikakaa kikao cha harusi nyumbani kwetu, na mtu mmoja akauliza habari ya samli. Shangazi akasema kwa hali ya mama yake, na wageni wa upande wa bwana harusi watakuwepo, wanaangalia, labda safari hii apake yeye shangazi. Kila mtu akageuka kwa bibi. Nilitegemea atafoka. Bibi yangu anafoka kwa mambo madogo kuliko hayo, anafoka hata chai ikiwa na majani machache.

"Sawa," akasema. "Apake yeye."

Akaendelea kuangalia chini. Dada alikuwa anaandika majina ya wageni, nikaona kalamu imesimama. Mimi nilitoka nje nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

*

Habari za Wakorea nilizianza kwa sababu ya uso wangu. Lazima niseme hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii wanadhani mimi nilikuwa naenda kumtafutia bibi tiba mtandaoni. Hapana. Nilikuwa na chunusi kwenye kidevu na harusi inakuja. Tamthilia za Kikorea tunaziangalia kwa jirani zikiwa zimetafsiriwa, na mle ndani hata mama mkwe mbaya ana ngozi kama sahani imetoka kuoshwa. Rafiki yangu tuliyesoma naye anauza kwenye duka la vipodozi la baba yake pale karibu na soko. Baba yake ni mzee wa Kiislamu, babu zao walitoka pwani, na dukani kwake kila kitu kina mahali pake. Rafiki yangu ndiye aliyeniambia kwamba krimu za Korea anazouza nyingine hata Korea hawazijui, kwa hiyo nisome mwenyewe kwenye simu kabla ya kununua.

Nikasoma. Ukitafuta "siri ya ngozi Korea" unapata matangazo, matangazo, msichana anajipiga piga mashavu, matangazo. Mimi nikiona tangazo nashuka haraka, na katika kushuka haraka huko nikaangukia mahali pengine kabisa. Ilikuwa ni utafiti wa wauguzi. Simu ikanitafsiria kwa Kiswahili kibovu, lakini nikaelewa wanazungumzia wazee. Picha ilikuwa moja tu, mkono wa mtu mzima sana juu ya shuka. Nikaukuza ule mkono kwa vidole vyangu. Ulikuwa mkono wa bibi.

Nikaacha habari ya kidevu.

Nilisoma mchana ule mpaka kifurushi kikaisha, nikaenda kwa rafiki yangu nikajiunga na simu yake. Kumbe Korea wazee ni wengi sana, na vijana wao wako kazini, kwa hiyo wazee wengi wanalelewa kwenye nyumba maalum na wauguzi. Na hao wauguzi wanaandika. Wanaandika jinsi ngozi ya mzee inavyokuwa nyembamba, mafuta yake ya asili yanapungua, maji hayakai ndani. Wanaandika kwamba kuwashwa si jambo dogo, linamnyima mtu usingizi na raha, na akijikuna anafungua mlango wa vidonda. Wanaandika maji ya kuogea yaweje, sabuni iweje, na mafuta yapakwe saa ngapi: mapema, mtu akishatoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, siyo akishakauka. Nilishangaa sana. Kuna mtu mzima, amesoma chuo kikuu, ana kompyuta, na swali lake la maisha ni mzee aogeshwe vipi. Sisi hapa hilo tunaliona ni jambo la msichana wa nyumbani na ndoo.

Na nikakuta jambo lingine lililonifurahisha. Wakorea nao wana desturi ya kusugua. Wana mabafu ya watu wengi, wanaloweka miili kwenye maji ya moto halafu wanasuguana na kitambaa cha kukwaruza mpaka uchafu unatoka kama mabaki ya kifutio cha shule. Wazee wao wanaipenda. Kwa hiyo wale wauguzi nao walikuwa na mabibi zao wa kubishana nao.

Nilimwambia bibi kesho yake kwenye beseni. Nikamweleza yote, Korea iko wapi, mabafu, vitambaa. Akasikiliza.

"Wanasuguana wakubwa kwa wakubwa?"

"Ndiyo bibi."

"Basi ni watu," akasema. "Haya, sugua."

Nikamwambia ndiyo hapo sasa, wauguzi wao wanakataza kwa mtu wa umri wako. Akaniuliza hao wauguzi wana umri gani. Sikujua. Akasema mtu hajazeeka anakataza nini. Bibi ananiita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na akitaka kunishinda analitumia hilo hilo. "Mke mwenzangu," akasema, "unataka ninuke ili mzee akupende wewe." Babu alishafariki kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo haikuwa rahisi. Nilipunguza moto wa maji kidogo kidogo, akagundua siku ya kwanza tu. Dodoki nililificha akaniambia nilitoe nilipolificha. Tukakubaliana: dodoki kwa mgongo tu, ambako hakuna magamba, mikono na miguu kitambaa laini. Ile dawa ya vijidudu nikaacha kutia, na chupa nikaiacha palepale dirishani shangazi aione. Sabuni ya mche nikairudisha kwenye nguo.

Mafuta ndiyo nilitaka yawe ya maana. Nikaenda kwa rafiki yangu nikamwomba krimu ya Korea yenyewe, ile ya kwenye kopo la kijani. Akaisoma nyuma, akacheka.

"Hii inaondoa ngozi ya juu."

"Ndiyo, ili itoke mpya."

"Bibi yako ngozi ya juu ndiyo anayoitafuta wewe unataka kumwondolea?" Akaniletea mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa wanayopakwa watoto wachanga, yasiyo na harufu. Nikamwambia nimesoma utafiti wa Korea halafu naondoka na mgando? Akasema hata yeye alisoma pamoja nami kwenye simu yake, kifurushi chake, na hajaona walipoandika kopo la kijani.

Nikaanza. Bibi anaoga kwa maji ya vuguvugu, upesi, namkausha kwa kumgusa gusa bila kusugua, na kabla hajamaliza kulalamika baridi nimeshampaka mikono na miguu. Wakati wa kulala nampaka tena, namvalisha soksi mikononi ili asijichane. Soksi alizichukia. Alisema amekuwa mtoto mchanga, bado kubebwa tu mgongoni. Lakini alivaa.

Na mimi kila asubuhi nikawa namvua zile soksi nakimbilia dirishani kwenye mwanga kuangalia. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku zilizofuata hakuna kitu. Nikawa na hasira na Korea nzima. Nikarudi kusoma, nikakuta kwamba ngozi ya mtu mzima hivyo inajijenga polepole sana, si kama yetu, kidonda ambacho kwangu ni cha siku chache kwake ni safari. Hicho walikuwa wameandika tangu mwanzo, nilikiruka kwa haraka zangu.

"Unafukua mbegu kila siku," bibi akaniambia. "Itaota saa ngapi?"

Kilichoanza ni usingizi. Mama ndiye aliyesema, kwamba siku hizi hamsikii mama mzee akijikuna. Halafu nyufa za vidole zikaanza kufunga, kwanza kidole gumba. Magamba yakapungua. Ngozi haikuwa laini, nisidanganye, bado ilikuwa ngumu na imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka. Lakini haikuwa na damu.

Nikafikiri basi, imekwisha, bibi atampaka dada. Nikamwambia. Akaingiza mikono kwenye khanga.

"Shangazi yako atapaka. Tulishasema."

"Lakini bibi, si imepona?"

"Ya nje imepona," akasema. "Huu ugonjwa hata hospitali walinirudisha."

Nilikaa chini kwenye sakafu pale pale. Ilikuwa mchana, jua linaingia mlangoni, na mimi nilikuwa na kopo la mgando mkononi. Nikamuuliza nani alimwambia amerudishwa. Akasema si ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia hapana bibi, daktari alisema huumwi. Alisema mbele yako.

"Alimwambia shangazi yako," akasema. "Alikuwa anamwangalia yeye."

Ndipo nikakumbuka. Kweli. Yule daktari alishika mikono ya bibi, akaigeuza, lakini maneno yote aliyasema juu ya kichwa chake, kwa shangazi, kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka. Na bibi sikio moja halisikii vizuri. Alichokisikia yeye ni shangazi, nje, kwenye mti. Tangu siku ile alikuwa anaishi na ugonjwa usio na dawa, na kikombe cha bluu, na hakuna mtu aliyemwambia lolote. Hata mimi niliyekuwa namsomea habari za Korea kila asubuhi, nilimweleza mabafu na vitambaa, nikaruka jambo lenyewe.

"Kwa hiyo siumwi," akasema.

"Huumwi."

"Nimezeeka tu."

"Ndiyo bibi."

"Na hao Wakorea, mikono yao ni hivi?"

Nikamwonyesha ile picha. Aliishika simu kwa mbali, akaisogeza karibu, akaiweka tena mbali. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, mpaka mwanga wa simu ukazima nikauwasha tena. Akauliza huyu ni mwanamke au mwanaume. Nikasema sijui, ni mkono tu. Akasema ni mwanamke, angalia kucha. Akanirudishia.

Hakusema atapaka wala hatapaka. Lakini jioni hiyo alikunywa chai kwenye kikombe cha mama, na kile cha bluu akawawekea kuku maji.

*

Siku ya dada kuondoka, uani kulikuwa kumejaa tangu asubuhi. Wamama wa mtaa walikuwa wanapika pilau nyuma ya nyumba, majirani wa Kiislamu wametuazima sufuria zao kubwa, ndugu wa Sigino wamekuja na maziwa. Mimi nilikuwa nakimbia: viti, maji, chumvi, viti tena. Magari ya upande wa bwana harusi yalikuwa yameshapita Bonga, simu imepigwa, na dada amekaa kwenye mkeka katikati ya uwanja, amevaa, amepambwa, anatetemeka kidogo kwa ule upepo. Shangazi alikuwa ameshika bakuli la samli. Alikuwa amependeza, niseme, gauni la kitenge na wigi jipya limekaa kama nywele zake.

Akaanza kusema maneno ya kumtambulisha binti. Kabla hajamaliza mlango wa chumba cha bibi ukafunguka.

Alitoka mwenyewe na fimbo. Nilitaka kwenda kumshika, akanikataza kwa macho. Alivuka ule uwanja kwa mwendo wake, watu wakawa wanampisha, na mimi moyoni naomba atembee haraka, gari ziko njiani. Akafika kwenye kigoda, akakaa, akaweka fimbo chini. Mikono ilikuwa wazi juu ya magoti.

"Lete," akamwambia shangazi.

Shangazi akainama kwenye sikio lake zuri. Alikuwa amejiandaa hata kwa hilo, kwa sababu alitoa kwenye mkoba mipira ya mikononi, ile ya hospitali, bado iko kwenye karatasi yake. Akasema avae kwanza.

"Ya nini?"

"Ni usafi tu mama. Wageni wanaangalia."

Bibi akaitazama ile mipira. Watu wa karibu waligeuka, wa mbali bado walikuwa wanazungumza, unasikia mwiko unagonga sufuria.

"Ulipougua surua," bibi akasema, "macho yako yameziba, mwili wote umetoka. Nilikukanda kwa mikono. Nilivaa nini?"

Nikaona ninaweza kupasuka, nikasema mimi, kwa sauti niliyoizoea kwenye midahalo ya shule, kwamba daktari alisema haiambukizi, ni ngozi ya uzeeni, hata Korea wauguzi wanajua. Nilitaka niendelee. Mama akaniambia ninyamaze, nikalete maji ya kunawa. Nikaenda. Niliporudi ile mipira haikuwepo na bakuli lilikuwa kwenye mapaja ya bibi.

Alinawa. Akachota samli kwa vidole viwili, akampaka dada kwenye paji la uso, polepole, kama anayefuta vumbi kwenye kitu cha thamani. Akashuka mashavuni. Akazunguka shingo. Dada alikuwa amefumba macho, halafu mabega yakaanza kumtikisika nikajua analia, kumbe anacheka.

"Bibi, unakwaruza."

"Ndoa nayo inakwaruza," bibi akasema, akaendelea na mikono.

Wamama walicheka mpaka mmoja akadondosha kawa. Na sijui nani alianza, lakini watoto wakasogea. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila kiganja cha yule bibi. Wakaja mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na yeye anaweka mkono wenye samli kwenye kila kichwa, wanaondoka wanang'aa. Dada mwenyewe akainamisha shela. Ndugu wa Sigino wakaja, watu wazima kabisa wenye wajukuu, wakainama. Nami nikapita, haraka, na nilipoinuka harufu ya samli ilikuwa imenishuka mpaka puani.

Shangazi alibaki amesimama pembeni. Honi zilishaanza kusikika barabarani na watu wakawa wanaelekea geti. Nilikuwa nataka kuwaambia twendeni, wageni ndio hao. Ndipo akaja.

"Shikamoo mama," akasema, akiwa bado wima.

Bibi hakuitikia. Alinyoosha mkono hewani, kiganja chini, akausimamisha pale.

Shangazi akapiga magoti kwenye mkeka na gauni lake lile. Mkono wa bibi ukatua juu ya wigi. Ukapapasa mbele, ukapapasa nyuma.

"Hizi nywele za nani?"

"Nimenunua mama."

"Sijakuuliza bei. Nauliza za nani."

"Sijui mama. Za watu huko."

"Sasa nimbariki nani?"

Waliobaki walicheka, na dada alicheka zaidi ya wote. Shangazi hakucheka wala hakukasirika. Alikaa vile kidogo, honi zinapiga. Halafu akaingiza vidole chini ya lile wigi, juu ya masikio, akalivua, akaliweka mapajani. Chini yake nywele zake zilikuwa fupi, zimesukwa twende kilioni, na kuzunguka kichwa chote pembeni ni mvi tupu. Sikujua shangazi ana mvi.

Akainama tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," bibi akasema, akaweka mikono yote miwili.